Mkataba Ukibakiza Miezi Sita

Salim Aiyee alifunga mabao 18 kwenye Ligi Kuu Tanzania Bara msimu wa 2018/19 akiwa na jezi ya Mwadui FC. Mbele yake alikuwepo mtu mmoja tu, Meddie Kagere aliyefunga 23, na Kagere alikuwa akilishwa mipira na kikosi cha Simba kilichofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu huohuo. Aiyee alikuwa akilishwa na timu ya mgodi wa almasi wilayani Kishapu, timu iliyolazimika kupita kwenye mechi za mtoano dhidi ya Geita Gold ili ibaki Ligi Kuu. Msimu uliofuata Aiyee alikuwa Dar es Salaam, KMC. Mwadui ikaendelea kuhangaika na safu ya ushambuliaji, na mwaka 2021 ikashuka daraja.

Kisa kama hicho kikatokea Geita. Msimu wa 2021/22, George Mpole wa Geita Gold alimaliza na mabao 17, akamzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja na kuwa mfungaji bora wa ligi. Timu yake, ikiwa msimu wa kwanza tu tangu ipande, ilishika nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Haukupita mwaka, Mpole akawa Lubumbashi, FC Lupopo. Mwaka 2024 Geita Gold nayo ilishuka.

Kwa shabiki wa Mhunze, aliyezoea kufunga safari hadi Mwadui Complex siku ya mechi, au kupanda gari hadi Kambarage kuwaangalia Stand United, “Chama la Wana”, majina haya yana uchungu wake. Nyota anachomoza, magazeti ya Dar es Salaam yanaanza kumwandika, kisha siku moja anaonekana pichani ameshika jezi nyingine. Mashabiki wanauliza tumeuza shilingi ngapi. Viongozi wanajibu kwa kuzungukazunguka. Mara nyingi swali lenye majibu zaidi ni lile ambalo shabiki haulizi: mkataba wake ulikuwa umebakiza muda gani?

Kinachouzwa katika usajili ni huo muda. Mchezaji mwenye miaka miwili na nusu mbele yake hawezi kuondoka bila klabu yake kukubali, hivyo anayemtaka lazima aje mezani na fedha. Mwenye mwaka mmoja bado ana bei, ila mnunuzi ameshaanza kuangalia kalenda. Aliyebakiza miezi sita anaruhusiwa na kanuni za FIFA kuzungumza na klabu yoyote na hata kumwaga wino mapema, mradi klabu inayomtaka iwe imeiarifu klabu yake kwa maandishi kabla ya kuanza mazungumzo. Mkataba ukiisha, anaondoka huru.

Uhuru huo ulitafutwa kwa jasho. Mwaka 1990, mkataba wa Mbelgiji Jean-Marc Bosman na RFC Liège ulikwisha, na Dunkerque ya Ufaransa ilimtaka. Liège haikukubali kumwachia bila kulipwa ada, ingawa haikuwa tena na mkataba naye. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na tarehe 15 Desemba 1995 ikaamuliwa kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba hawezi kuwekewa bei. Anayelalamika leo kwamba wachezaji “hawana shukrani” akumbuke kwamba kabla ya hukumu ile, mtu aliyemaliza kazi yake aliweza kuzuiwa kwenda kutafuta riziki kwingine. Mchezaji anayengoja mkataba uishe hajamwibia mtu. Anayepaswa kuulizwa ni kiongozi aliyekaa na mkataba kabatini hadi ukaisha.

Hapa kwetu kalenda ina mtego wake. Mikataba mingi ya wachezaji inaisha msimu unapoisha, karibu na mwisho wa Juni. Kwa kawaida dirisha dogo hufunguliwa katikati ya Desemba na kufungwa katikati ya Januari. Kwa hiyo ukihesabu miezi sita kurudi nyuma kutoka Juni 30, unaangukia katikati ya dirisha dogo lenyewe. Katika nusu ya kwanza, kigogo anayemtaka mshambuliaji wa Geita au wa Shinyanga lazima azungumze na klabu. Katika nusu ya pili, anaweza kuzungumza na mchezaji. Kiongozi anayesema “tutaliangalia baada ya Mwaka Mpya” ameshampa mnunuzi punguzo bila kujua. Mkulima wa pamba wa Kishapu hawezi kuyaacha marobota yake nje hadi mvua zianze ndipo aulize bei.

Hakuna aliyeonyesha tofauti ya bei hizo mbili vizuri kama Clatous Chama. Mzambia huyu alijiunga na Simba mwaka 2018. Mwishoni mwa 2020 mkataba wake ulikuwa unakaribia ukingoni, na habari za Yanga kumtaka zilitapakaa. Simba haikungoja: ilimwongeza mkataba Desemba hiyo. Agosti 2021 RS Berkane ya Morocco ilipomhitaji, ilibidi inunue. Januari 2022 Chama alirudi Msimbazi. Safari hii mkataba uliachwa ukaisha. Juni 2024 ulifika mwisho wake, na Julai mosi Yanga ikamtambulisha. Simba haikupata hata senti, na aliyemchukua ni mtani wa jadi. Mchezaji ni yuleyule na klabu ni ileile. Kilichotofautiana ni kwamba mara ya kwanza kuna mtu alikaa mezani mapema.

Upande wa Jangwani, Stephane Aziz Ki ni somo lile kwa mpangilio mwingine. Mwaka 2022 alitua Yanga akitokea ASEC Mimosas ya Ivory Coast baada ya mkataba wake kumalizika. Msimu wa 2023/24 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21, huku mkataba wake ukielekea kuisha na klabu za nje zikimnyemelea. Yanga ilifanikiwa kumbakiza kwa mkataba mpya. Mei 2025 Wydad Casablanca ilipokuja, kabla ya Kombe la Dunia la Klabu, ilikuta mchezaji mwenye mkataba na ikalazimika kuzungumza na klabu. Kama Yanga ingeshindwa kwenye mazungumzo ya 2024, yangeikuta yaliyoikuta ASEC.

Mwaka huohuo wa 2025, Mohamed Hussein “Tshabalala”, nahodha wa Simba aliyekuwa Msimbazi tangu 2014, alimaliza mkataba wake na kuhamia Yanga. Miaka 11 ya utumishi, kitambaa cha unahodha, kisha anaondoka bila ada ya uhamisho. Ikiwa klabu yenye udhamini mnono na ofisi kamili inaweza kumpoteza nahodha namna hiyo, klabu inayoendeshwa na watu wachache mkoani haiwezi kudhani mambo yatajipanga yenyewe.

Upo pia upande wa pili wa shilingi: mchezaji asiyetaka kungoja. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, alitangaza kuvunja mkataba wake na Yanga uliokuwa uendelee hadi 2024. Aliweka kwenye akaunti ya klabu shilingi milioni 112, yaani milioni 100 alizoamini ndizo za kuvunjia mkataba pamoja na mshahara wa miezi mitatu wa milioni 12. Yanga ilizikataa. Januari 2023 Kamati ya Sheria, Katiba na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) iliamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga, na maombi yake ya mapitio nayo hayakufua dafu. Alikaa nje ya uwanja miezi mingi. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na Yanga Ikulu baada ya timu hiyo kufika fainali ya Kombe la Shirikisho, aliwataka viongozi walimalize suala hilo. Siku chache baadaye Fei Toto alikuwa mchezaji wa Azam, na Yanga ikawa imelipwa ada ya uhamisho.

Wengi wanakikumbuka kisa hiki kwa sababu ya Ikulu. Kwa kiongozi wa klabu ndogo, uzito uko kwenye kalenda. Makubaliano yalifikiwa mkataba ukiwa umebakiza takribani mwaka mmoja. Laiti mvutano ungeendelea miezi sita au saba zaidi, Fei Toto angekuwa huru kuzungumza na Azam kwa mujibu wa kanuni, na Yanga ingebaki na haki yake mkononi lakini bila fedha. Kushinda kesi hakuongezi muda wa mkataba.

Je, mchezaji aliyebakiza miezi michache anaweza kuuzwa kwa faida? Anaweza, na mfano bora ni Mtanzania. Januari 2016 Mbwana Samatta alikuwa ametoka kutawazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, baada ya kuipa TP Mazembe ubingwa wa Afrika wa 2015. Mkataba wake Lubumbashi ulikuwa ukingoni. Moise Katumbi, mwenye klabu, aliripotiwa kupendelea aende Nantes ya Ufaransa; Samatta aliitaka Genk ya Ubelgiji. Katumbi akawa na njia mbili: kubana na kumwona akiondoka bure baada ya muda mfupi, au kuuza alikotaka mchezaji. Aliuza. Genk nayo ilikubali kulipa kwa sababu ilimhitaji wakati huohuo, haikutaka kungoja majira ya kiangazi huku klabu nyingine zikipanga foleni.

Hapo ndipo penye nguvu pekee ya muuzaji aliyechelewa. Bei yake haitokani tena na mkataba, inatokana na haraka ya mnunuzi. Timu inayopigania ubingwa Januari, ambayo mshambuliaji wake ameumia, italipa kidogo ili impate mtu leo badala ya Julai. Isiyo na haraka itangoja, na itakuwa na haki ya kungoja.

Wanaoijua haraka hiyo kuliko wote ni watu wa hoki ya barafu Amerika Kaskazini. Kwenye ligi yao, NHL, mikataba inaisha mwanzoni mwa Julai, lakini dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa miezi minne kabla, kati ya mwisho wa Februari na Machi. Hawauziani kwa fedha taslimu kama kwenye soka. Wanapeana wachezaji chipukizi na zamu za kuchagua vijana wapya. Timu isiyo na matumaini ya ubingwa inamtoa nyota anayekaribia kuwa huru, na timu inayonusa kombe inamkodi kwa miezi michache. Februari 2017 St. Louis ilimpeleka beki Kevin Shattenkirk Washington, ikapata zamu ya kuchagua kwenye raundi ya kwanza na wachezaji juu yake. Washington haikufika fainali, na Julai Shattenkirk akahamia New York. St. Louis ilichopata ikabaki nacho.

Waliokataa kutoa nao wana historia yao. New York Islanders ilimshikilia nahodha wake John Tavares hadi mwisho wa msimu wa 2017/18. Haikuingia hata kwenye mtoano, na Julai mosi 2018 Tavares akasaini Toronto. Mwaka uliofuata Columbus ilifanya kamari kubwa zaidi. Ilikuwa na Artemi Panarin na kipa Sergei Bobrovsky, wote wakiwa ukingoni mwa mikataba. Haikuwauza, na ikamwongeza Matt Duchene, naye akiwa anamaliza. Aprili 2019 Columbus ikaifunga Tampa Bay, timu iliyokuwa imeshinda mechi 62 za ligi, michezo minne kwa sifuri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu hiyo kushinda hatua ya mtoano. Raundi iliyofuata ikatolewa na Boston. Ilipofika Julai mosi, wote watatu walikuwa wameondoka, na Columbus haikupata chochote.

Je, Columbus ilikosea? Mimi nadhani haikukosea, na hapa klabu za kwetu zina jambo la kufikiri kwa makini. Kubaki Ligi Kuu kuna fedha. Mwaka 2021 TFF ilisaini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na mgawo wake unaziendea klabu zilizo ndani ya ligi. Timu iliyo nafasi ya kumi na tatu Januari, yenye straika mwenye mabao tisa na mkataba unaoisha Juni, inaweza kuwa na hekima zaidi ikimbakiza, imalize ligi salama, kisha impe mkono wa kwaheri bila ada. Ikimuuza kwa dau dogo halafu ikashuka, imepoteza mara mbili. Ila uamuzi huo ufanywe kwa macho mawili, kwa hesabu iliyoandikwa: tukibaki tunapata kiasi gani, tukimuuza tunapewa kiasi gani, na uwezekano wa kushuka bila yeye ni upi. Kumbakiza mchezaji kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuangalia tarehe ni kitu kingine kabisa.

Timu iliyo katikati ya msimamo, isiyoogopa kushuka wala kuota ubingwa, haina sababu ya kusubiri. Hiyo ndiyo inayopaswa kuuza Desemba, na isitegemee mamilioni ya kutikisa mji. Itegemee ada ya kadiri, au mchezaji mmoja au wawili wa mkopo kutoka kwa vigogo, ambao kila mwaka wana vijana wazuri wanaoota mizizi benchi. Iombe pia asilimia ya mauzo yajayo, kwa sababu anayenunua kwa bei ndogo haoni taabu kuahidi sehemu ya fedha ambazo bado hazijaja. Kwa klabu ya mkoani, kijana wa mkopo anayecheza mechi 15 za mzunguko wa pili anaweza kuwa na thamani kuliko fedha zitakazoishia kwenye nauli za Mbeya na Mtwara.

Tena mkataba una thamani pale tu ulipo hai, na mikataba mingi ya timu ndogo inakufa kimyakimya kabla ya tarehe yake. Tangu 2018 kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya angalau miezi miwili, kinyume cha sheria, kuvunja mkataba kwa sababu halali, akishaiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 za kulipa. Timu inayodaiwa mishahara ya Septemba na Oktoba huku ikipanga kumuuza mshambuliaji wake Desemba inauza kitu ambacho kinaweza kuondoka chenyewe kwa barua ya ukurasa mmoja.

Karatasi nazo. Bernard Morrison, Mghana, aliingia Yanga Januari 2020 kwa mkataba wa miezi sita. Klabu ikasema alishaongeza miaka miwili, yeye akakana. Agosti 2020 kamati ya TFF iliona mapungufu kwenye mkataba uliowasilishwa na ikampa ushindi, akaenda Simba. Yanga ilikata rufaa hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, na Novemba 2021 ikashindwa. Ikiwa hayo yaliikuta Yanga, fikiria Stand United ya 2016, ilipogawanyika pande mbili, wanachama upande huu na kampuni upande ule, hadi mdhamini wake Acacia akajiondoa. Katika hali ya namna hiyo, mchezaji anayetaka kuongeza mkataba atajuaje anasaini na nani?

Kuna fedha nyingine ambayo klabu za ukanda huu zinaipoteza pasipo hata kujua ilikuwepo, nayo inategemea jambo lilelile la muda. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu alizochezea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una robo ya asilimia. Kila msimu kati ya 16 na 23 una nusu asilimia. Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, ada iliyotajwa sana ilikuwa pauni milioni 8.5. Kwa kiasi hicho, msimu mmoja wa kumlea akiwa kijana wa miaka 17 una thamani ya pauni 42,500. Angemaliza mkataba Genk na kuondoka huru, mgawo huo usingekuwepo, kwa sababu asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Fidia ya malezi inaweza kudaiwa hata mkataba ukiwa umekwisha, lakini ina mwisho wake: mchezaji akishavuka mwaka anaotimiza miaka 23, dai jipya halipo.

Tangu Novemba 2022 malipo hayo yanapitia taasisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, inayosoma historia ya mchezaji kutoka kwenye kumbukumbu za usajili. Inasoma kilichoandikwa. Kijana aliyecheza misimu miwili Mwadui au Shinyanga mjini, akasajiliwa kwa tarehe isiyo sahihi au asisajiliwe kabisa kwa kuwa “ni mtoto wa hapahapa”, atauzwa Morocco au Ubelgiji na klabu yake ya kwanza haitaonekana popote. Valentino Mashaka alitoka Geita Gold kwenda Simba mwaka 2024, timu yake ikiwa imetoka kushuka. Huo ni uhamisho wa ndani, na yaliyolipwa yamelipwa. Lakini kama siku moja atauzwa nje akiwa na mkataba, muda wake wa Geita Gold unapaswa kuhesabiwa, na mtu wa kuhakikisha kwamba umeandikwa sawasawa anakaa Geita, ofisini, na kazi hiyo anaweza kuifanya wiki hii.